Mvuje wa Bibi Kwenye Mizani ya Polisi

Jumatatu, 14 Machi 1955

Leo nimeinua mkono darasani. Mimi! Naandika haraka kabla mama hajaniita kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Miaka mitatu kwa Masœur, shule ya masista, sijawahi kuinua mkono. Nikiulizwa kitu, sauti inakwama kooni, na Pélagie tunayekaa naye benchi moja ananijibia. Masœur Anne husema: Emerance anajua mengi, ila kinywa chake kina komeo.

Leo tulipata mgeni. Komiseri mpya wa polisi, yule ambaye watu wa sokoni wanamwita Bwana Kilo, kwa sababu kila anachokamata anakipima kwanza kabla hajauliza ni cha nani. Alileta kartoni zenye picha. Alisema Kifaransa polepole, kama mtu anayetembea na kilema. Kuna kitu kinaitwa opium. Kinatoka Asia: Perse, Inde, Birmanie. Kule wanakwaruza tunda la ua fulani, utomvu unatoka, unakauka, unakuwa donge la kahawia linalonata. Harufu yake kali. Wanalifunga, wanalitia kwenye mikebe. Anayelivuta anasahau hata watoto wake. Ndiyo maana sasa mataifa yamepatana, polisi wa nchi moja anamwandikia polisi wa nchi nyingine: nimeona hiki, angalia huko kwako. Na Waingereza wa Kigoma wameandika kwamba mikebe inavuka ziwa. Inashuka Albertville. Pale inapanda treni. Na treni inaishia wapi, mesdemoiselles?

Kindu! Tulijibu sote, hata mimi, maana katika sauti za wote hakuna anayenisikia.

Ndipo akauliza: kuna mmoja wenu aliyewahi kuona kitu cha namna hii?

Wenzangu wakatikisa vichwa. Na mimi nilikuwa ninajua jibu! Donge la kahawia, linanata, harufu yake inamfukuza hata mbuzi, liko ndani ya mkebe, na Bibi mwenyewe kila siku anajisifu kwamba limetoka Uajemi. Uajemi njo Perse, niliona kwenye ramani. Mkono ukapanda wenyewe.

«Oui, monsieur. Chez ma grand-mère.» Ndiyo, Bwana, kwa bibi yangu.

Bila kosa! Masœur Anne alikodoa macho, kisha akatabasamu. Bwana Kilo akatoa kalamu. Akauliza Bibi anakaa wapi. Ng'ambo ya mto, Alunguli, nyuma ya msikiti, nyumba ya mlango wa kijani, na mkebe uko kitandani kwake. Yote kwa Kifaransa. Sikukosea hata «derrière», yaani nyuma.

Nina furaha mno.

Jumanne, 15 Machi

Masœur amenipa picha ya Mtakatifu Tereza, yenye dhahabu pembeni. Pélagie: «Jana ulikunywa nini? Nami nipe kidogo.»

Alhamisi, 17 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa ninarudi kutoka shule, katikati ya mto, ndani ya mtumbwi wa kuvusha watu. Mbele yetu ikaja mashua ya polisi kutoka upande wetu. Askari wanne wamesimama, na katikati yao mtu amekaa, amejifunika kanga nyekundu. Ninaijua ile kanga. Ni Bibi.

Tukapishana. Karibu, ningeweza kumgusa kwa kasia. Akaniona. Hakulia, hakupiga kelele. Alipaza sauti tu, kama mtu anayekwenda sokoni: «Mke mwenzangu! Kimbia nyumbani, nimeacha maharage motoni, yataungua!»

Abiria wakacheka. Hivyo ndivyo anavyoniita, mke mwenza wake, nami huwa ninaona haya. Leo sikuona haya. Sikuona kitu.

Nyumbani mama ameketi chini, masanduku yamemwagwa. Ameeleza: wamekuja asubuhi, wamekwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha Bibi, wametoa ule mkebe. Hawakutafuta. Walijua! Bwana Kilo ameufungua, amenusa, amerudi nyuma hatua mbili. Akasema kwa Kiswahili chake: «Wewe iko na opium.» Na Bibi: «Mimi iko na mvuje, Bwana. Dawa ya watoto.»

Mvuje! Kila mtoto aliyezaliwa Alunguli ameuvaa. Bibi ni mkunga, tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Mtoto akitoka, anafungiwa kidonge cha mvuje mkononi ndani ya kitambaa cheusi, na harufu ile inamzuia shetani asimsogelee. Mimi niliuvaa. Nimebatizwa kanisani na nimevaa mvuje, vyote viwili, kwa sababu mama ni Mkristo wa Kibombo na baba ni Mwislamu, na hakuna aliyetaka kubahatisha.

Niliujua mvuje kama ninavyojua jina langu. Kwa nini basi pale darasani sikuufikiria kuwa ni mvuje? Nilifikiria kwamba ni jibu.

Mama anasema: «Iko muntu aliyesema. Ulimi wake uoze.» Nikanywa maji. Maharage yalikuwa yameungua.

Ijumaa, 18 Machi

Ni mimi. Ni mimi. Ni mimi.

Wanaojua: Masœur, Bwana Kilo na wasichana wa darasa langu, ambao wote wanalala kule kule bweni. Ng'ambo hii hakuna anayejua. Pélagie ameapa kwa mama yake.

Jumapili, 20 Machi

Tumempelekea Bibi chakula kule buloko, gerezani, mimi na baba. Anakaa kwenye uwanja mdogo pamoja na wanawake watatu waliopigana sokoni. Tayari amewapatanisha. Amepungua uso lakini maneno hayajapungua.

Alitueleza walivyomhoji. Karani Jérôme Onema, jirani yetu, ndiye aliyetafsiri. Bwana Kilo anataka kujua kitu kimoja tu: nani anauleta kutoka Albertville? Bibi anamjibu: Mungu. Bwana Kilo anaandika, kisha anauliza: Mungu gani? Wa kwetu sote, Bwana.

Sisi tunajua. Ni mpwa wake aitwaye Waziri, anayefanya kazi ya breki kwenye treni. Ananunua kwa Mhindi wa Albertville, na Mhindi anapata Kigoma. Bibi akimtaja, Waziri atafungwa naye, na ana watoto wanne. Kwa hiyo hamtaji. Na kwa kuwa hamtaji, Bwana Kilo anazidi kuamini kuna watu wakubwa nyuma yake!

Baba aliuliza: «Hukumwambia kwamba ni ya watoto?»

«Nilimwambia. Amesema amesoma kwamba hata kule Asia wanawapa watoto opium ili walale. Akaniangalia kama nimewaua.»

Karani alisema, nje, kwa sauti ya chini, kwamba ikithibitishwa atapelekwa gereza la Stanleyville, na huko ni miaka. Bibi ana miaka sabini, labda zaidi. Baba alishika ukuta.

Wakati wa kuondoka Bibi akanishika sikio: «Mke mwenzangu, mbona hunitazami? Nanuka?»

Jumatano, 23 Machi

Karani Jérôme amekula kwetu. Anapenda kueleza, na sisi tunapenda aeleze, hata kama yanauma.

Bwana Kilo ameukata mvuje vipande vitatu vidogo. Kimoja kimekwenda kwenye laboratoire ya Stanleyville. Kimoja Léopoldville. Cha tatu amewapelekea Waingereza wa Kigoma, kwa treni na meli, ndani ya bahasha tano kwa sababu ya harufu, pamoja na barua: tumekamata bidhaa ya Uajemi, tunaomba ushirikiano wenu. Karani ameandika ile barua kwa mashine mara tatu. Kila mwaka, anasema, kila nchi inajaza karatasi: umekamata kiasi gani? Karatasi hizo zinakwenda Ulaya, wakubwa wanazisoma mezani. Mwaka uliopita Kindu iliandika bangi tu, miti michache ya huko Pangi. Mwaka huu Bwana Kilo anataka kuandika jambo.

«Njo vile,» baba akasema. «Mama yangu ataandikwa pamoja na Birmanie.»

Leo darasani nilisimama mbele ya ramani. Birmanie ni ya rangi ya waridi. Perse ni ya njano. Vidole viwili tu kutoka Perse mpaka Zanzibar, kimoja mpaka Kigoma, nusu mpaka hapa. Donge limesafiri hivyo vyote bila mtu kulidhuru, likafika kwenye kinywa changu.

Jumatatu, 28 Machi

Nimecheka leo. Nilidhani siwezi tena.

Mvuje umekwisha mjini. Mkebe wa Bibi ndio uliokuwa unawapa wote, na Waziri anaogopa kuleta mwingine. Lakini watoto hawajaacha kuzaliwa! Sasa akina mama wanakwenda wapi? Kwa polisi. Leo asubuhi, tukipita na Pélagie kwenda kanisani, tuliwaona wamekaa kwenye baraza ya bureau, kumi au zaidi, kila mmoja na mtoto mgongoni. Wengine Wakristo kabisa, na misalaba yao. Wanaomba kipande kidogo tu, Bwana, kama punje ya mahindi.

Bwana Kilo alitoka, akawatazama, akaingia ndani, akafunga mlango. Karani anasema ameandika: watu wamekwisha kuzoea kitu hiki, hawawezi kuishi bila kitu hiki, hata wanawake, hali ni mbaya kuliko tulivyofikiri.

Hayajaisha. Kuna mlinzi mmoja wa buloko, Félicien, mkewe alishikwa na uchungu juzi, na mtoto akakaa vibaya. Akamtoa Bibi, amri ya nani sijui. Bibi amemgeuza mtoto, ametoka salama, msichana. Na Félicien, kwa shukrani au kwa hofu, ameingia chumba cha vitu vilivyokamatwa akachukua kidonge. Leo Bwana Kilo amepima, kama kawaida yake kila Jumatatu. Mkebe umepungua! Wizi! Ndani ya polisi yenyewe! Félicien alisimama wima, anatoka jasho, na mtoto wake nyumbani ananuka mtaa mzima.

Tumecheka mpaka mama amefuta machozi. Kisha akasema, «Lakini yuko ndani bado,» na ikawa kama amemwagia moto maji.

Jumamosi, 2 Aprili

Nimekwenda kuungama, kwa ajili ya Pasaka. Nilifanya mazoezi ya maneno kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili, halafu nikayasema kwa Kiswahili maana ni ya nyumbani.

Padri alisikiliza. Aliniuliza kama nilitaka Bibi afungwe. Hapana, Padri. Kama nilisema uongo. Hapana. Basi, binti yangu, si dhambi. Akanipa Salamu Maria tatu, kwa dhambi zile nyingine, za uvivu.

Si dhambi! Ilibidi nifurahi. Nilitoka na mzigo wangu wote kama nilivyoingia. Kama si dhambi, nani anaweza kunisamehe?

Jumanne, 5 Aprili

AMETOKA! Bibi ametoka!

Wino umemwagika, haidhuru. Nataka niandike yote kama Karani alivyoeleza, nisipoteze hata neno.

Saa tatu asubuhi imefika telegramu kutoka Kigoma. Ilisema tu kwamba barua iko njiani, nayo barua imefika kwa treni ya leo hii hii. Bwana Kilo akafungua barua mbele ya Karani, akijua huu ni ushindi wake. Imeandikwa na mkubwa Mwingereza wa forodha, na chini yake karani wa forodha, Mhindi, ameongeza maneno yake mwenyewe. Mwingereza: tunashukuru kwa ushirikiano. Kitu hiki ni utomvu wa mti, tunauona kila wiki, hautozwi ushuru mkubwa, ni halali. Na Mhindi: kwetu unaitwa hing. Mke wangu anautia kwenye dengu kila siku, kwa ajili ya tumbo. Tafadhali, kama mnao mwingi msitutumie, tunao wa kutosha.

Bwana Kilo alisoma mara mbili. Akanyanyua mkebe, akanusa. Akaenda kunawa mikono. Kisha akasema kwa Karani, bila kumtazama: mlete yule mwanamke.

Waingereza wamemfungua Bibi yangu! Polisi kwa polisi, nchi kwa nchi, kama alivyotuambia darasani. Ushirikiano wao umefanya kazi kweli.

Sasa sehemu nzuri. Bibi ameletwa. Anaambiwa uko huru, weka kidole hapa, chukua mkebe wako. Bibi akafungua mkebe. Akatazama ndani. Akasema: «Haujajaa.»

Karani akajifanya hakusikia. Bibi akarudia, kwa sauti: «Mwambie Bwana haujajaa. Alipima wakati wa kuuchukua. Apime na wakati wa kuurudisha.»

Na Bwana Kilo, ambaye anapima kila kitu, masikio yamekuwa mekundu kama pilipili. Hakupima. Félicien mlangoni alikuwa anaangalia dari.

Baba amekwenda kumchukua. Nilikuwa nimerudi mapema, Masœur aliniruhusu. (Alinishika mkono na kuniambia, Emerance, mimi pia sikujua. Hakusema zaidi. Anadhani kosa ni lake, labda. Nilitaka kumwambia kwamba ni la kwangu, sikumwambia.) Tulisimama ukingoni watu wengi, na mtumbwi ulipogusa mchanga wanawake walipiga vigelegele kama amerudi kutoka Makka. Waziri alikuwa nyuma ya wote, analia kama mtoto. Bibi akamgonga kichwani: «Acha, wewe. Kesho ulete mwingine.»

Nilipomkumbatia alinuka mvuje na sabuni ya buloko. Sijawahi kunusa kitu kizuri kuliko hicho.

Jumatano, 6 Aprili

Nimelala mpaka jogoo wa tatu. Ni mara ya kwanza tangu yale. Nyumba inanuka tena. Akina mama wamejaa uani tangu alfajiri, Bibi anawagawia, anawatania: «Ninyi ndio mlionichongea kwamba hamwezi kuishi bila mvuje!» Jua linawaka, sombe imeiva vizuri, mama anaimba nyimbo za kanisa na Bibi anaitikia asichokijua.

Nimeshukuru. Nimeshukuru sana. Labda imekwisha. Labda si lazima niseme.

Ijumaa, 8 Aprili

Haijaisha.

Tangu jana Bibi anafikiri. Nani alisema? Askari walikuja moja kwa moja kitandani kwake. Ni mtu anayeijua nyumba. Na nani aliyepata faida? Mama Bulaimu, mkunga wa pili, anayekaa karibu na kisima. Wiki hizi tatu uzazi wote umekwenda kwake.

Leo baada ya sala ya Ijumaa wamekutana njiani, mimi nikiwa nyuma na ndoo. Mama Bulaimu ametoa mkono: «Mama Assani, tumshukuru Mungu umerudi.» Bibi hakuupokea. «Mshukuru wewe. Umeshiba mimba za watu.»

«Unasema nini, dada?»

«Nasema mkono uliomwita polisi sio wa kunisalimu.»

Watu wamesimama. Mama Bulaimu alibaki na mkono hewani, kama mtu anayeangalia kama mvua imeanza. Na Bibi hakutosheka. Alimwambia mbele ya wote: Ijumaa ijayo, kabla ya Ramadani, atawaita walimu waje kusoma Halbadiri. Hapa kwetu kila mtu anaogopa hiyo. Yanasomwa majina ya wale watu wa vita vya Badri, na aliyetenda ubaya kwa siri, balaa inamtafuta popote alipo. Anavimba. Anapofuka. Anakufa.

Popote alipo. Alikuwa hatua tatu, na ndoo kichwani.

Jumapili, 10 Aprili. Pasaka

Nimeimba Aleluya. Nimeuliza Masœur Anne kama Halbadiri inaweza kumpata mtu aliyebatizwa. Ameniuliza Halbadiri ni nini.

Jumanne, 12 Aprili

Kisimani wanawake wamesogeza ndoo zao mbali na za Mama Bulaimu. Hakuna aliyemtukana. Walisogeza tu. Mwanamke aliyekuwa amemwahidi uzazi wake amekwenda kwa Bibi. Mwanawe, Bulaimu, anayefanya kazi kwenye atelier, karakana ya treni, pamoja na baba yangu, siku hizi anakula peke yake.

Na mimi nina nini? Ninalala. Ninakula. Bibi ananipa mfupa wenye uboho. Ndilo jambo baya kuliko yote: Bibi yuko nyumbani, kwa hiyo mwili wangu umefurahi, haunisikilizi mimi.

Jumatano, 13 Aprili

Mama Bulaimu amenisubiri kwenye kivuko. Nilitaka kupita. Akasema: «Mwanangu, wewe umesoma kwa Masœur. Mimi sijui kalamu. Niandikie barua kwa Bibi yako. Mdomo wangu yeye hauamini tena, labda karatasi ataiamini.»

Tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nikatoa daftari la shule. Alisema, nami nikaandika:

«Dada yangu Mama Assani. Tulianza kazi hii pamoja, wewe ulinifundisha kukata kitovu. Mimi sikusema. Naapa kwa watoto wote waliopita mikononi mwangu. Kama nilisema, Halbadiri ianze na mimi. Kama sikusema, msamehe yule aliyesema, maana huenda hakujua alichokuwa anakifanya.»

Hayo ya mwisho! Nilimtazama kuona kama ananijua kwamba ni mimi. Hanijui. Alikuwa anafikiri tu, anatafuta maneno mazuri, anaumwa. Kalamu yangu ilisimama. «Umeandika?» Nimeandika, mama. Akatia kidole kwenye wino wangu, akakiweka pale chini. Akanipa ndizi mbivu mbili kama malipo. Nimezila. Hata sijui kwa nini nimezila.

Barua iko ndani ya daftari hili. Kesho nitampa.

Alhamisi, 14 Aprili

Leo hatuna masomo ya alasiri. Bibi alikuwa uani anakata vitambaa vyeusi vya watoto. Kesho walimu wanakuja, mama amekwisha kuazima mikeka.

Nikasema nina barua. Bibi hajui kusoma herufi hizi, anajua za Kiarabu kidogo. «Ya nani?» Ya Mama Bulaimu. Akakunja midomo. «Soma, nicheke.»

Nilisoma. Sauti yangu ilikuwa ndogo, akaniambia paza. Nikapaza. Nilifika «Mimi sikusema». Nikarudia, «Mimi sikusema». Na sikuweza kuendelea, kwa sababu ilikuwa ni mdomo wangu unaosema hivyo, mbele ya Bibi, na ulikuwa uongo.

Nikasema: «Bibi, ni mimi niliyesema.»

Mkasi ulisimama.

Nimesema yote. Komiseri, kartoni, Perse ya njano, mkono. Nilisema kwa haraka, kama mtu anayetapika, na sikulia. Kwa mara ya kwanza tangu tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita, koo langu likawa wazi. Nilikuwa ninaogopa na ninapumua, vyote pamoja.

Bibi aliuweka mkasi chini. Kuku mmoja alipita kati yetu. Bibi akauliza: «Yeye aliuliza, nawe ukajibu?»

Ndiyo, Bibi.

«Mbele ya wazungu.»

Ndiyo.

«Kwa Kifaransa.»

Ndiyo.

«Na hukukosea?»

Sikukosea.

Akatikisa kichwa, taratibu. Sijui kama ni hasira. Bega lake lilikuwa linatetemeka, na nilidhani analia, na labda alikuwa anacheka, na sasa ninavyoandika bado sijui. Akafuta macho kwa kitambaa cha mtoto. Halafu akasema, na hakuniita mke mwenza, aliniita kwa jina langu la ubatizo ambalo halitumii kamwe:

«Emerance. Nimemkataa dada yangu mkono mbele ya mtaa mzima. Nenda kamwite. Usimwambie kitu njiani. Mwambie Mama Assani anakuita chai.»

Nilikwenda. Nilikimbia! Mama Bulaimu alikuwa anafagia, alifikiri kuna mtoto anazaliwa. Akaja na kapu lake la kazi.

Sasa wako uani. Nimeingia ndani kubadili kitambaa cha kichwani, nimechukua daftari, nina dakika mbili. Mama Bulaimu hajakaa mkekani, amekaa kwenye kizingiti, kapu magotini. Bibi anamimina chai. Nasikia kijiko tu, kinazunguka, kinazunguka.

Watu wanapita njiani na wanapunguza mwendo. Wawili wamesimama. Sasa watano. Bibi hakufunga lango, ameliacha wazi makusudi, ninamjua. Yaliyosemwa mbele ya watu yatafutwa mbele ya watu.

Mimi niliyeshindwa kusema «présente», nipo, kwa sauti! Sasa nitasema mbele ya watu wote.

Mama Bulaimu anauliza: «Dada, umeniitia nini?»

Na Bibi: «Kunywa kwanza. Mwenye maneno yuko ndani, anajifunga kitambaa. Anakuja.»